Darubini Aliyoikataa Arvil Stamper

Katika bonde la Turkey Lick, mtu aliyetaka kununua darubini ya kufunga juu ya bunduki hakuuliza dukani kuna nini. Aliuliza Arvil Stamper amesema nini.

Arvil alikuwa fundi mitambo mgodini kwa miaka thelathini na mmoja, fundi wa kupitisha kidole juu ya chuma na kukuambia kimelika unene wa unywele au wa nywele mbili. Mgodi ulipofungwa alibaki na mikono ile na siku ndefu zisizo na kazi. Na kwa kuwa kule milimani kila nyumba ina bunduki ndogo ya kuwindia kindi, watu wakaanza kumletea darubini zao. "Hebu niangalizie hii, Arvil. Ni nzima, au nimeuziwa chupa ya soda?" Naye aliiangalia. Hakutoza kitu. Alichotaka ni kuachwa bila kuharakishwa.

Bunduki zenyewe ni zile nyepesi ziitwazo ishirini na mbili, ambazo pini hugonga ukingo wa ganda la risasi, na risasi yenyewe haizidi punje ya haragwe. Hakuna anayenunua kioo cha bei kubwa kwa bunduki kama hiyo. Watu hununua rahisi, na kwenye rahisi ndiko takataka zinakojificha. Arvil alizijua njia zake zote za kudanganya. Kuna darubini inayong'aa dukani lakini jua likianza kuzama unaona giza tupu. Kuna ile ambayo vifundo vyake vya kurekebishia shabaha ukivizungusha vinalia tik tik kama saa ya mfalme, na ndani hakisogei kitu. Nyingine iliundwa kwa ajili ya bunduki kubwa. Ukitazama nayo kitu kilicho yadi hamsini, ukisogeza kichwa kidogo msalaba wa kulengea ulio ndani ya kioo unahama kutoka kwenye kindi hadi kwenye tawi.

Kila darubini aliipima kwa mpango uleule. Kwanza alitundika timazi mbali, kamba nyeupe yenye kipande kizito cha chuma chini, aone kama waya wa msalaba unakwenda sambamba nayo. Halafu alipiga risasi, akazungusha vifundo, akapiga tena. Halafu aliizamisha kwenye maji ya vuguvugu, aone kama mapovu yatatoka. Mwishoni alileta darubini yake mwenyewe, aliyoitumia tangu ujana, akatazama kitu kilekile kwa hiyo. Bila kulinganisha, alisema, mtu anaandikia mate na wino ungalipo.

Mwaka ule, mwanzoni mwa Juni, Orpha Noble alikuja barazani kwake na boksi mkononi.

Orpha alikuwa mjane wa Hobert, rafiki wa Arvil tangu wakiwa wadogo. Hobert alikuwa na duka la zana za uwindaji na uvuvi kando ya daraja, na alipofariki, miaka miwili nyuma, kila mtu alidhani Orpha angeliuza. Hakuliuza. Alikaa nyuma ya kaunta ileile, akajifunza majina ya ndoano na namba za risasi, na sasa alikuwa ameagiza darubini arobaini za bei nafuu kutoka kwa msambazaji wa mbali, oda yake ya kwanza kubwa aliyoifanya kwa akili yake mwenyewe.

"Shemeji," alisema, "nakuletea hii. Ikiwa mbovu, sema mbovu. Usinionee huruma."

"Lini nimewahi kukuonea huruma?"

"Siku ya mazishi ya Hobert. Ulikula keki yangu iliyoungua, vipande vitatu."

"Ilikuwa nzuri."

"Ndiyo maana nina wasiwasi na hukumu zako."

Dovie, mke wa Arvil, akacheka kutoka ndani hadi akashika meza. Arvil naye akatabasamu, jambo ambalo kwake halikuwa la kila siku, akachukua boksi.

Aliipima Jumamosi iliyofuata, kwenye uwanja nyuma ya shule ya zamani, wanachama wa chama cha wawindaji wakiwa wamekusanyika kama ishirini hivi. Aliifunga juu ya bunduki, akakaza skrubu, akalaza mtutu juu ya mfuko wa mchanga. Timazi ilikuwa imetundikwa yadi hamsini. Akaweka jicho.

Kamba ilikuwa imepinda.

Aliinua kichwa, akafuta lenzi kwa ncha ya shati, akatazama tena. Waya wa msalaba nao ulikuwa umepinda, pale katikati kabisa, kama kijiti ukikichovya majini. Akapiga risasi tano. Matundu yalitawanyika kwenye karatasi upana wa kiganja, na mtu yeyote wa Turkey Lick anajua kwamba matundu ya Arvil Stamper akiwa na mfuko wa mchanga hayahitaji kiganja kuyafunika. Hufunikwa na kizibo cha chupa.

Wingu lilikuwa linakuja juu ya mlima, matone mawili matatu yakaanza kuanguka. Darubini yake ya zamani ilikuwa ndani ya pikapu, hatua kumi na tano kutoka pale alipoketi. Hakwenda kuichukua. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu la kweli halikumpendeza: tangu aliposikia bei ya ile darubini alikuwa ameshaidharau, na jicho lake lilipomletea ubovu alifurahi kidogo kwamba alikuwa amekisia sawa.

"Hii ni takataka," alisema. "Kioo kimepinda."

Cletis Bowling, mtu wa maneno mengi ambaye hakosi mkutano, akawa wa kwanza kuinama na kutazama. "Loo! Kweli bwana! Imepinda kama mguu wa mbuzi." Wawili wengine wakatazama baada yake. Mmoja akasema naam, kuna kitu. Mwingine akatikisa kichwa kwa masikitiko.

Orpha akawasogeza, akainama, akafunga jicho moja. Alikaa pale muda mrefu.

"Mimi naiona imenyooka," alisema.

"Jicho lako halijazoea, shemeji," Arvil alimjibu.

"Orpha, wewe ndiye unayeuza!" Cletis akapaza sauti. "Utaionaje imepinda?"

Watu wakaangua kicheko. Arvil hakucheka. Lakini hakumnyamazisha Cletis pia, na neno lake moja tu lingetosha. Orpha aliifungua ile darubini kwa mikono yake, akairudisha kwenye boksi, akaondoka huku mvua ikimnyeshea kichwani.

Thelathini na tisa zilirudi kwa msambazaji. Ile moja aliyoipima Arvil ilikataliwa kwa kuwa boksi lake lilishafunguliwa. Watu wakapata msemo wa kuchekesha: kitu chochote kibovu, gari lisilowaka, mlango usiofunga, wakaita "glasi ya Orpha". Baadhi wakaanza kuendesha hadi wilaya ya jirani, kwenye duka kubwa, kununua hata risasi ambazo Orpha alikuwa nazo tele. Kanisani alihama benchi la Dovie, akaenda kukaa upande wa pili, karibu na dirisha.

"Ulimwaibisha," Dovie alimwambia mumewe.

"Nilisema nilichokiona."

"Sikusema ulidanganya. Nimesema ulimwaibisha."

Kiangazi kile Arvil alikuwa na malalamiko mengi. Gazeti lilichapwa vibaya. Wachapishaji wa siku hizi, alisema, wanabania wino hadi katikati ya neno hapaonekani. Taa ya jikoni ilikuwa hafifu, akaibadilisha, na mpya nayo ikawa hafifu. Asubuhi moja alimimina kahawa kando ya kikombe, ikatiririka mezani hadi kwenye mapaja yake, akakilaumu kikombe.

"Ni uzee," Dovie alisema akipangusa, "au ni macho?"

"Macho yangu ndiyo yaliyokulisha."

"Basi sawa. Kikombe kina makosa."

Msimu wa kindi hufunguliwa Jumamosi ya tatu ya Agosti. Arvil hakuwa amekosa siku hiyo tangu akiwa na miaka minane. Alipanda mlimani kukiwa na ukungu, akaketi chini ya mihikori, miti ya kokwa ambazo kindi huzipenda, mahali pake pa siku zote, mgongo kwenye shina, bunduki juu ya magoti. Kulipopambazuka akasikia maganda ya kokwa yakidondoka juu ya majani, tap, tap, kama mvua inayojishauri. Kindi alikuwa juu yake, anatafuna.

Aliinua bunduki taratibu. Akampata kindi kwenye kioo, mwekundu, mkia mgongoni, na akauleta msalaba kichwani kwake.

Msalaba ulikuwa umepinda.

Mwanzoni hakuelewa. Hii haikuwa glasi ya Orpha. Hii ilikuwa darubini yake mwenyewe, aliyoifunga kwa mikono yake kabla watoto wake hawajazaliwa, iliyowahi kuanguka mtoni na kutoka nzima, ambayo alikuwa akiilinganisha na zote za bondeni. Akaishusha. Mbele yake kulikuwa na mti mmoja mrefu, shina lake limenyooka kama nguzo ya simu tangu alipoanza kuufahamu. Alifumba jicho la kushoto. Shina lilipinda katikati, na pale lilipopinda palikuwa na kivuli, kama mtu amegusa picha kwa kidole chenye mafuta. Alifumba la kulia. Shina likanyooka.

Akarudia. Kushoto, kulia. Akarudia tena, kama mtu anayejaribu swichi ambayo anajua umeme umeshakatika.

Kindi aliendelea kutafuna juu yake, maganda yakimdondokea kofiani. Arvil alitoa risasi kwenye bunduki, moja moja, akazitia mfukoni. Hofu ilimjia kwanza, na haikuwa ndogo. Ilikuwa kama ile ya siku dari ya mgodi ilipolia juu ya kichwa chake. Lakini nyuma ya hofu kukaja jambo jingine, akamwona Orpha ameinama juu ya mfuko wa mchanga, jicho moja limefumbwa, akisema naiona imenyooka. Hilo lilimwuma zaidi ya lile la kwanza. Alikaa pale hadi jua likaanza kuchoma, ndipo akashuka.

Dovie alikuwa bustanini akichuma maharage mabichi. Alipomwona anarudi bila kindi na bila neno, aliweka kapu chini.

"Umekosa?"

"Sikupiga." Akavua kofia. "Dovie, jicho langu la kulia limeharibika. Darubini ya Orpha ilikuwa nzima."

Aliyasema yote mawili kwa pumzi moja. Dovie hakusema nilikuambia, ingawa alikuwa na haki. Alimshika mkono kama mtu anayeshika mgonjwa, naye, ambaye hakuwahi kupenda kushikwa, akauacha mkono wake pale.

Daktari wa macho alikuwa mjini, mwendo wa saa mbili kwa gari. Alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, akamtia matone, akamulika, akampa karatasi yenye mistari ya miraba na kumtaka aitazame kwa jicho moja moja. Halafu akavuta kiti, akaketi mbele yake magoti yakikaribiana.

"Bwana Stamper, nyuma ya jicho, pale katikati tunapokazia kuona, kuna mishipa midogo imeota mahali isipotakiwa. Inavuja. Ndiyo maana mistari inapinda. Mistari ulianza kuiona hivyo lini?"

"Juni. Wiki ya pili."

"Na ulifanya nini?"

Arvil alitazama mikono yake. "Nililaumu darubini."

Daktari hakucheka. Alieleza kwamba kuna sindano, inayochomwa ndani ya jicho lenyewe, kila baada ya wiki kadhaa, na mara nyingi huzuia hali isizidi. Kilichokwisha kufa hakirudi. Kama angekuja ile Juni, pengine wangeokoa zaidi. La kushoto lilikuwa zima, lakini alitakiwa kulichunga kila siku kwa ile karatasi ya miraba, na akiona mstari mmoja tu umeyumba asingoje kesho.

Kuhusu sindano hiyo Arvil hakupenda kusimulia. Alisema tu kwamba alishika mikono ya kiti, na kwamba Dovie alitoka nje kabla haijaingia.

Baada ya sindano ya pili, mwanzoni mwa Oktoba, alikwenda dukani kwa Orpha. Alikuwa ameahirisha siku kadhaa. Kila asubuhi alikuwa na sababu: kuni, bomba, mvua. Siku hiyo hakukuwa na sababu iliyobaki, akapiga moyo konde.

Kengele ya mlangoni ililia. Orpha alikuwa juu ya ngazi akipanga makopo ya chambo, akamtazama kutoka juu.

"Umekuja kununua au kuhukumu?"

"Nimekuja kusema jambo."

"Sema. Nasikia hata nikiwa huku."

Akamwambia. Hakuzungusha maneno, hakutafuta kisingizio cha mvua wala cha uzee. Alimwambia kuhusu mti kule mlimani, kuhusu miraba ya daktari, na kuhusu hatua kumi na tano ambazo hakuzipiga kwenda kwenye pikapu. Hilo la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote, kwa sababu hakuna aliyelijua, na angeweza kulifukia nalo lingefukika.

Orpha alishuka ngazi taratibu. Uso wake ulikuwa mwekundu.

"Nilikuambia naiona imenyooka."

"Uliniambia."

"Ukasema jicho langu halijazoea. Miaka arobaini nimeishi na Hobert, Arvil. Nani alikuwa akimshikia shabaha? Nani alikuwa akimwambia risasi imeingia wapi, yeye mwenyewe hata haoni? Jicho langu halijazoea!" Alichukua kitambaa akapangusa kaunta ambayo ilikuwa safi. "Nilirudi nyumbani nikajiambia labda ni kweli. Hilo ndilo lililonikera. Si kicheko cha Cletis, Cletis tunamjua. Nilianza kutoamini macho yangu mwenyewe kwa sababu wewe ulisema."

Arvil alisimama kofia mkononi.

"Sikusamehe leo," Orpha akasema. "Nisikudanganye. Leo siwezi."

"Sikuja kuomba leo. Nimekuja kuomba ile darubini. Nataka kuipima upya, palepale, mbele ya walewale."

Orpha akainama chini ya kaunta akatoa boksi. Hakumkabidhi mara moja, alilishikilia kwanza mkononi mwake mwenyewe.

"Na hilo jicho? Daktari anasemaje?"

"Litabaki hivi. Wakibahatika."

"Ulikuwa peke yako walipokuchoma?"

"Dovie alikuwa nje."

Alimpa boksi. "Jumamosi nitakuja," alisema. "Lakini sitabeba keki."

Jumamosi hiyo watu walikuwa wengi kuliko Juni, kwa kuwa Dovie alikuwa amepika sufuria kubwa la maharage na mikate ya mahindi, na habari ya chakula hutembea kwa kasi. Arvil aliwangoja wapakue, wale. Wengine walikuwa bado na bakuli mkononi aliposimama.

"Juni nilisema hapa kwamba darubini ya Orpha imepinda," alianza. "Haikupinda. Kilichopinda ni jicho langu. Linaugua, na lilikuwa linaugua siku ile. Nilitakiwa kulinganisha na darubini yangu kama nifanyavyo siku zote, na ningejua palepale. Sikufanya. Orpha alisema kweli, na mimi nikamfanya aonekane mwongo." Akageukia mfuko wa mchanga. "Basi. Sasa tuipime."

Vijiko vikatulia ndani ya bakuli. Timazi ilikuwa imetundikwa mahali pale pale. Bunduki ililala juu ya mfuko wa mchanga.

"Cletis," Arvil aliita. "Njoo utazame wewe kwanza."

Cletis aliweka bakuli chini, akajipangusa midomo, akainama. Safari hii alichelewa kuinuka.

"Waona nini?"

"Imenyooka," alisema kwa sauti ndogo.

"Juni ulisema mguu wa mbuzi."

"Wewe ndiye uliyesema imepinda, Arvil! Ningesemaje mimi?"

Hakuna aliyecheka. Wale wawili wengine wa siku ile walikuwa wanatazama viatu vyao. Arvil aliona kwamba jambo hilo lilikuwa kubwa kuliko darubini, na kwamba sehemu ya kosa ilikuwa yake mwenyewe, kwa kuwa kwa miaka yote ile alipenda kuaminiwa namna hiyo.

Aliketi. Bunduki aliiegemeza kwenye bega la kushoto, ambalo halikuwahi kubeba bunduki, na shavu lake halikujua pa kutua kwenye kitako. Risasi ya kwanza ilikwenda pembeni ya karatasi. Mtu akakohoa. Arvil akavuta pumzi, akajipanga upya, na kwa kuwa mkono haukuwa na uzoefu akamwita Orpha.

"Shemeji, piga wewe. Mimi nitakuambia cha kufanya."

Orpha hakujifanya kukataa. Aliketi, akapiga tano, na matundu yote yangefunikwa na kizibo cha chupa. Watu wakanong'ona. Arvil akamwambia azungushe kifundo cha juu hadi kilie tik ishirini, apige. Cha pembeni tik ishirini, apige. Arudishe cha juu, apige. Arudishe cha pembeni, apige ya mwisho. Kwa darubini njema, ya mwisho huingia palepale ilipoingia ya kwanza. Alitembea yadi hamsini mwenyewe, akaweka jicho lake zima karibu na karatasi.

"Imekosa," alitangaza. "Upana wa kidole. Vifundo vyake haviaminiki."

Uso wa Orpha ukashuka. Alikuwa amedhani, na nani angemlaumu, kwamba siku hiyo ingekuwa ya sifa tupu.

"Unaniadhibu tena?" aliuliza Arvil aliporudi.

"Uliniambia nisikuonee huruma."

Wakaendelea hadi alasiri. Akaigonga kwa nyundo ya mbao mara kumi, Orpha akapiga tena, na haikuhama. Akasogeza kichwa kushoto na kulia, na msalaba ukatulia pale ulipo. Akaizamisha kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu, watu wote wakainama juu ya ndoo kama wanaotazama kisima, na hakuna povu lililotoka. Jua liliposhuka nyuma ya mlima akaitazama misitu, akatikisa kichwa: darubini bora ingeona dakika kumi zaidi.

Kisha akamwomba Orpha aandike, kwa kuwa herufi zilikuwa zinamsumbua, na yeye akasema: kioo ni safi na kimenyooka. Haivuji. Ukishaifunga na kuiweka sawa, haihami. Usiizungushe vifundo mara kwa mara, haitarudi ilipotoka. Jua likizama haifai. Kwa bunduki ya ishirini na mbili, kwa kindi wa mchana, ni haki ya bei yake.

Orpha aliandika yote, hata yale yasiyompendeza, akayasoma mara ya pili kimoyomoyo. Kisha akaongeza mstari wake mwenyewe chini, akamwonyesha: *Imepigwa na Orpha Noble.*

"Ni kweli," Arvil alisema. "Andika."

Karatasi hiyo ilibandikwa nyuma ya kaunta. Orpha aliagiza kumi na mbili tu, si arobaini, na zilikwisha kabla ya Krismasi. Msemo wa "glasi ya Orpha" haukufa siku moja. Misemo haifi hivyo. Lakini Cletis mwenyewe alimkemea mtu kwa kuutumia, tena kwa ukali, kama vile hakuwahi kuutamka. Kwenye benchi la Dovie kanisani, Orpha hakurudi hadi katikati ya majira ya baridi. Alipoketi alimsukuma Dovie kidogo tu apate nafasi ya mkoba.

Jicho la Arvil halikurudi. Sindano zilizuia lisizidi, na hilo ndilo aliloahidiwa. Watu waliendelea kumletea darubini, lakini sasa aliwalazimisha watazame kwanza wao na waseme wanachoona, na hakutoa neno mpaka wamesema. Wengi hawakupenda. Mtu mmoja alimwambia, "Nimekuja nikusikie wewe, si nijisikie mimi," akachukua mzigo wake akaondoka.

Mwezi wa Novemba, majani yakiwa yamekwisha kupukutika, alianza kupanda mlimani na bunduki kwenye bega la kushoto. Siku ya kwanza alirudi na aibu. Siku ya pili vivyo hivyo, na bega likiuma. Ya tatu, karibu na saa nne, Dovie alimsikia akivua viatu barazani.

"Umepata?" aliuliza bila kugeuka, mikono ikiwa kwenye unga.

"Mmoja. Nimekosa watatu."

"Watatu!"

"Wanne," Arvil alisema, akaingia ndani na kumweka kindi kwenye sinki.